Saba ni ngapi na ngapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu ana miaka sita, yuko darasa la kwanza. Juzi karudi na kazi ya nyumbani: 7 = __ + __, mistari minne mitupu. Akajaza 6 + 1, kisha akakaa. Nilipomhimiza akaandika tena 6 + 1. Hata akijumlisha 4 na 3 anahesabu vidole vyote kuanzia moja. Baba yake anataka tumkaririshe jedwali la kujumlisha, yaishe. Mimi nasita. Tufanyeje? Na vidole nimkataze?
Mama wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Vidole mwachie. Mtoto akikatazwa vidole haviachi, anavihamishia chini ya dawati, na hapo hata mwalimu wake hajui tena anahesabu vipi. Cha kubadilisha ni namna anavyovitumia. Mkono mmoja ni tano. Hilo alijue bila kuhesabu. Mwambie, "Nioneshe saba, haraka!" Akiinua mkono mzima na viwili kwa mpigo mmoja, saba ameshaitenganisha, ingawa mwenyewe hajui kuwa ndiyo kazi aliyopewa.

Sasa hiyo 6 + 1. Mtoto hakukosea, wala si mvivu. Saba anaijua kama namba inayofuata sita, basi kajibu anachokijua. Bado hajaiona kama kundi la vitu unavyoweza kuvigawa huku na huku. Halafu kuna hiyo kazi yenyewe ilivyoandikwa. Darasani kazoea 4 + 3 = __, jibu likae mwisho. Watoto wengi wa umri wake wanaichukulia alama ya sawa na kama amri ya "toa jibu". Nimewahi kuandika 7 = 4 + 3 ubaoni, darasa zima likanirukia: "Mwalimu, umegeuza!" Hapo mimi huwatajia mizani ya dukani, ile ya sahani mbili. Saba upande huu, nne na tatu upande ule, imelala sawa. Ukizungukia upande wa pili wa meza, mizani ni ileile.

Ila usianze na daftari. Tafuta vizibo vya soda na kawa. Kama huna kawa, bakuli la plastiki litafaa, mradi asione ndani. Na usianze na saba, anza na tano. Hesabuni pamoja vizibo vitano mkekani, afumbe macho, wewe ufunike viwili, vitatu ubakishe nje. Afumbue. Muulize: "Vilivyojificha ni vingapi?" Usimuulize "jumla ni ngapi", jumla anaijua. Akijibu, funua, ajihakikishie mwenyewe; usimwambie wewe kama kapata au kakosa, kawa itamwambia. Kisha mbadilishane, yeye afiche. Akificha yeye, jibu vibaya makusudi mara mojamoja. Hakuna kinachomfurahisha mtoto kama kumsahihisha mama yake.

Mwangalie usoni anapojibu. Akitikisa kichwa taratibu, midomo inacheza, huyo anahesabu: nne, tano, viwili. Si vibaya, lakini bado. Siku atakapotazama vitatu vilivyobaki nje na kukujibu "viwili" papo hapo, kila mara na kwa kila mgawanyo, tano imemkaa. Hapo ndipo uongeze kizibo cha sita. Mkazane na namba moja siku kadhaa kabla ya kuhamia nyingine. Wazazi wengi huniharibia hapa: leo tano, kesho kumi, keshokutwa ishirini, na mtoto anabaki na vipande vipande vya kila namba.

Siku moja ficha vyote. Atacheka, mkeka mtupu. Vilivyojificha saba, vilivyo nje sifuri. Watoto wanaikataa sifuri kwenye karatasi ("mbona unaandika kitu ambacho hakipo?") lakini mkekani hawabishani nayo.

Michezo hiyo ikimkolea, rudini kwenye daftari na mziandike kwa mpangilio: 7 + 0, 6 + 1, 5 + 2, 4 + 3. Mwache aone huku inapungua moja, kule inaongezeka moja. Atataka kuendelea: 3 + 4, 2 + 5, 1 + 6, 0 + 7. Jumla mistari minane, lakini migawanyo ni ileile minne iliyogeuzwa, na nadhani ndiyo maana mwalimu wake aliacha nafasi nne tu.

Baba yake simpingi moja kwa moja. Iko siku mtoto atatakiwa kusema 4 + 3 ni saba bila kufikiri. Lakini akikariri tu, siku ya kutoa, 7 - 4 atakutana nayo kama mgeni kabisa. Aliyecheza kawa anaijua tayari: saba, nne ziko nje, zilizojificha tatu. Tena mwulize baba yake anavyojumlisha 8 na 5 kichwani. Wengi tunachukua mbili kutoka kwenye tano tukaipa nane, ikawa kumi, zikabaki tatu: kumi na tatu. Ili ufanye hivyo lazima ujue kuwa nane inadai mbili ifike kumi, na kuwa tano ni mbili na tatu. Hiyo ndiyo kazi ya mistari minne mitupu. Kwa hiyo mkifika kumi, kaeni hapo muda mrefu kuliko kwingine kote.

Sarafu nazo zinafaa. Mpe tano za mia, atenge za kitu cha mia mbili, akwambie zilizobaki kabla hajazitazama.

SWALI: Mwalimu, wangu ana miaka minne, yuko PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, huku Mombasa. Nimnunulie vitabu vya mazoezi ya kujumlisha?
Baba Mdogo

JIBU: Usinunue. Azima dhumna ya wazee, na uihesabu kabla ya kurudisha. Zikipungua kete 28 utasemwa mtaa mzima. Vitu vitatu au vinne mtu huvitambua kwa jicho, bila kuhesabu, na nukta za dhumna zimepangwa vizuri kwa kazi hiyo. Mwonyeshe kete yenye tatu upande mmoja na moja upande wa pili, ataje kila upande, kisha zote. Halafu mtawanyie kete chache akutafutie zinazofanya nne. Ziko tatu tu katika dhumna nzima: sifuri na nne, moja na tatu, mbili na mbili. Tano nazo ni tatu, sita ni nne. Akichoka, acheni. Kalamu haina kazi hapa mpaka mwakani.