Habari ziwafikie

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama redio ndogo ya mfukoni, ile ya bei nafuu, bado ina faida kwa mtu mwenye simu. Nililisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimekwisha kukasirika, kwa sababu ni swali la mtu ambaye hajawahi kuanika betri juani.

Redio ya namna hiyo ninayo. Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 15,000. Antena yake imekatika ncha na mfuniko wa betri unashikiliwa na rababendi. Hutumia betri mbili ndogo, ambazo kwa msikilizaji wa saa moja na nusu kwa siku hufika wiki ya pili bila taabu. Haidai bando wala nywila, na ninapochambua mchicha haihitaji macho yangu. Atakayekwenda kununua nampa angalizo moja tu: nyingi za siku hizi hupokea FM peke yake, na mawimbi ya FM huenda moja kwa moja bila kupinda, hivyo aliye nyuma ya mlima ataambulia mkwaruzo mtupu. Tafuta yenye masafa ya kati na mafupi, kwa kuwa usiku mawimbi hayo huakisiwa na tabaka za juu za anga na kufika mbali sana. Ndivyo sisi wa Mahenge tulivyokuwa tukiipata Redio Tanzania Dar es Salaam.

Watu wa rika langu wakitajiwa redio na mwaka 1984 hukumbuka 12 Aprili, siku Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa kifo cha Waziri Mkuu Sokoine. Mimi hukumbuka tangazo jingine la mwaka huo huo, lililotuhusu sisi peke yetu. Betri zilikuwa adimu kama sabuni na sukari. Redio ya baba, yenye koti la ngozi lililotobolewa matundu mbele ya spika, ilikuwa ikifunguliwa kwa taarifa ya habari na matangazo ya vifo tu, kisha inazimwa, na asubuhi betri zinaanikwa juu ya jiwe. Jioni ile baba alikuwa nje akifunga mbuzi, mama anasonga ugali, na mimi ndiye niliyeachiwa redio. Sauti ilikuwa imekwisha kufifia, ikawa kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. Tangazo moja lilianza, jina la marehemu likanipita kwa sababu sikuwa nasikiliza, nikashtuka nilipolisikia jina la baba: habari zimfikie yeye, wa Mahenge, na wengine ambao sikuwahi kuwajua, kwa kuwa redio ilikata papo hapo.

Nilipomwita, baba hakunigombeza. Alizitoa betri, akaziuma kwa meno moja moja, akazirudisha. Tukapata mkwaruzo, kisha kimya. Alizisogeza karibu na moto, hazikusaidia kitu. Ndipo alipotoka mbio kwenda kwa jirani kuazima betri mbili kubwa za tochi, ambazo haziingii katika redio ndogo lakini nguvu yake ni ile ile, volti 3 kwa mbili. Akapasua mwanzi, akazilaza humo kichwa kwa mkia, akazifunga kwa kamba ya mgomba na kuunganisha waya aliouchomoa kwenye dainamo ya baiskeli, huku mimi nikimshikia koroboi na mikono inanitetemeka. Redio ikapaza sauti kuliko nilivyowahi kuisikia. Ilikuwa inapiga muziki wa dansi.

Tuliisikiliza hadi kituo kilipofunga, tukitumaini tangazo lingerudiwa. Halikurudiwa. Mama alilia usiku kucha bila kujua anamlilia nani. Alianza na shangazi wa Kilosa, akaja kwa baba mdogo wa Mikumi, akamaliza na watoto wao, kila mmoja kwa jina lake, na baba akawa anamwambia anyamaze asije akawafisha walio hai. Siku ya nne utingo wa basi alileta barua. Alikuwa ni shangazi, na alikuwa amekwisha kuzikwa.

Nilipoanza kuandika nilidhamiria kuwaambia kwamba simu haiwezi kamwe kuchukua nafasi ya redio, lakini nikiisoma aya hiyo naona nimejishtaki mwenyewe. Redio husema mara moja na kupita, iwe umesikia au hukusikia. Simu ingeita, na tusipopokea ingeita tena. Mwaka huo ningeitoa hiyo redio, na mbuzi wote wa baba juu yake, nipate simu moja tu ya kitochi.

Hata hivyo sitaki kuonewa kwa ungamo langu. Mei 2024, wiki moja tu baada ya Kimbunga Hidaya, nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari zilikatika, na vijana wa nyumbani kwangu Mbagala wakawa wanazungukazunguka na simu zao kama waliopoteza funguo. Mimi nilipata habari zangu kama kawaida. Ni kweli kwamba simu za kupiga zilikuwa zikiendelea kuita, kwa hiyo ushindi wangu haukuwa mkubwa kama nilivyojigamba mbele yao.

Mzazi aliye kijijini, anayesubiri habari za watu wake, anunuliwe simu kwanza, na redio ifuate kama fedha itabaki. Kwa hiyo mkihesabu majibu, niwekeni upande wa wanaosema redio si ya lazima tena. Ila mkitaka kuthibitisha kura yangu kwa simu, msipige kati ya saa mbili na saa mbili na nusu usiku, maana sitapokea.