Re: Naweza kumwaga mchanga wote kwenye programu nikaona ukuta utasukumwa kiasi gani?

Mkuu, nimekuelewa: una ukuta wa kuzuia udongo Raskazone, umesikia kuna programu zinazofuatilia kila punje ya mchanga, na unataka kujua kwa nini usiuingize mchanga wote humo upate jibu. Kazi yangu ni kupima udongo hapa Tanga na modeli hizi nazigusa, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Piga hesabu. Mita moja ya ujazo ya mchanga wenye punje za milimita 1 ina punje zaidi ya bilioni 1. Njia ya punje kwa punje, ile ya watafiti Cundall na Strack ya mwaka 1979, inachukulia kila mahali punje mbili zinapogusana kuwa na springi na msuguano. Programu inatafuta nguvu, inasogeza punje kidogo, inarudia. Na hicho kidogo ni kidogo kweli: kwa punje ngumu za ukubwa huo, hatua moja ya muda ni kama sehemu ya milioni ya sekunde. Ukiirefusha, punje zinapenyana kisha zinarushana ovyo. Laptopu yako itachemka mpaka Idi ya mwakani.

Ndiyo maana watu wanafanya kazi kwa ngazi mbili. Udongo wa nyuma ya ukuta unaugawa vipande vikubwa kama kawaida, ila fomula ya jinsi mchanga unavyokinza huiandiki. Badala yake, kila nukta ya hesabu ndani ya kipande unaipa kifurushi chake cha punje, mia kadhaa au elfu. Kipande kikibanwa, kifurushi nacho kinabanwa vilevile, punje zinajipanga upya, na nguvu inayotoka humo ndiyo inayorudishwa juu. Vifurushi havisubiriani, kwa hiyo unaweza kuvigawa kwenye prosesa nyingi kwa wakati mmoja.

Unachopata ni hiki. Nenda ufukweni maji yakipwa, ukanyage mchanga mgumu uliolowa: unapauka kuzunguka mguu kana kwamba umekauka ghafla. Punje zilizobanana haziwezi kupishana bila kupandana, nafasi kati yake zinapanuka, maji yanazama humo. Mwanasayansi Reynolds alilieleza jambo hilo mwaka 1885. Fomula lazima uiongezee namba ili ilioneshe, lakini kifurushi cha punje kinalitoa chenyewe. Mchanga ulioshindiliwa vizuri nyuma ya ukuta nao hupanuka hivyo ukianza kukatika, na uliomwagwa tu hujibana na kushuka.

Tabu inaanzia kwenye umbo. Wengi hutumia punje za duara kwa kuwa ni rahisi kuhesabu, nazo zinabingirika mno. Mchanga wa pwani wenye vipande vya makombe na matumbawe una kona, tena unavunjika. Ukiweka duara tupu, ukuta wa kwenye skrini utasukumwa kuliko wa kweli, kwa hiyo inabidi uongeze ukinzani wa kubingirika. Mimi humwaga mchanga mkavu kwenye sinia, napima mteremko wa lundo, kisha nabadilisha namba za programu mpaka lundo lake lifanane. Hapo bado, maana msuguano mdogo na ukinzani mkubwa wa kubingirika vinaweza kutoa lundo lilelile. Lazima ulinganishe pia na kipimo cha maabara cha kubana silinda ya mchanga.

Halafu kuna ukanda wa kukatikia, yaani utepe mwembamba ambamo mchanga unakatika na kuteleza, ambao unene wake huwa ni punje kumi na kitu tu. Vipande vyako vikiwa vya sentimita 20, ukanda utafuata upana wa kipande, na ukivipunguza jibu linahama. Dawa za kihesabu zipo, ila sijaona mtu akizihangaikia kwa ukuta wa nyumba.

Kwa hiyo kama ukuta ni wa mita mbili tatu, hesabu ya msukumo wa udongo ya Coulomb, ya mwaka 1776, inakutosha. Pesa peleka kwenye kokoto na matundu ya kutolea maji, masika yasikukute hujaweka. Kama ni kwa ajili ya tasnifu, pakua Yade, programu ya punje kwa punje, ni ya bure na inakwenda kwenye Linux, ubane kifurushi kimoja kwanza kabla ya kufikiria ukuta.