Jibu: Mei 21 kwa watumishi wa bandarini

Mkuu, umeuliza kama kwetu watumishi wa bandari za Ziwa Victoria kumbukumbu ya kuzama kwa meli ya MV Bukoba ni zaidi ya kuweka mashada kwenye makaburi ya waliokufa kule Igoma, Mwanza. Kwa wengine ni posho tu, tusidanganyane. Mimi kinachonikaa kichwani ni karatasi. Meli ilipozama Mei 21, 1996, ikikaribia Mwanza, orodha ya majina ilionyesha abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa! Waliokufa wanakadiriwa kuzidi 800, idadi kamili haijulikani. Kwa hiyo mama mwenye mikungu ya ndizi akinihimiza getini, "Mwanangu, tunachelewa," bado naandika jina lake na la mtoto aliye mgongoni. Ananuna, anapita. Foleni mnayoilalamikia inaanzia hapo.