Wimbo wa kwanza wa Krismasi kwenye ukulele

Krismasi ile hatukupanda basi kwenda Moshi. Tulibaki Segerea, watu saba na ukulele mbili, zile gitaa ndogo za nyuzi nne, nami nikaahidi kwamba mkesha ukifika tutapiga wimbo mmoja pamoja.

Nilichagua Njooni Tumwabudu kwa kuwa naupenda. Lakini kodi zake, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zinabadilika haraka haraka. Binti yangu wa miaka tisa alijitahidi siku mbili, vidole vikamuuma, akairudisha ukulele kabatini. Iliniumiza, maana kosa halikuwa lake.

Tangu hapo naanza na Usiku Mtakatifu. Kodi tatu zinautosha: C, F na G7. C ni kidole kimoja tu, freti ya tatu (nafasi ya tatu kati ya vyuma vya shingoni), kwenye uzi ulio karibu na magoti. F ni vidole viwili, G7 vitatu. Wimbo wenyewe ni wa taratibu, unahesabiwa tatu-tatu, kwa hiyo kidole kinapata muda wa kuhama. Tena kwetu kila mtu ameuimba kwa Kiswahili kanisani tangu utotoni, hakuna anayehangaika na maneno. Ulipoimbwa mara ya kwanza, Austria mwaka 1818, ulisindikizwa na gitaa. Nyuzi ni nyumbani kwake.

Usimpe mtu kodi zote siku ya kwanza. Mama mkwe alishika C peke yake, binti G7 peke yake, mimi nikajaza F kwa gitaa. Kila mmoja alicharaza zamu yake ilipofika. Jioni ya tatu binti akaanza kuhamia C mwenyewe, bila kuambiwa. Mama mkwe akanyamaza kumsikiliza, kisha akaniomba nimwonyeshe G7.

Wadogo watadai Jingle Bells. Wape kiitikio tu, ubeti uache. Kinaanza na C ndefu kabla F haijaingia, na hapo mtoto anapata nafasi ya kutafuta vidole. Baadaye kuna D7, ipige wewe. Jambo la kulinda ni mwendo: watoto wakichangamka wanaukimbiza, na anayejifunza anaachwa nyuma. Piga polepole mpaka waone umezidi.

Na kabla ya kumlaumu mtu kwamba anakosea, pima kama nyuzi zinatoa sauti sahihi. Nailoni mpya inavutika siku kadhaa, sauti inashuka hata kabla wimbo haujaisha. Sisi hupima G, C, E, A, sauti za zile nyuzi nne, kila tunapokaa barazani, na sasa kazi hiyo ni ya binti.