Kiti cha Marehemu Baba Mkwe na Sebule ya Watu Wawili

Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu tuna miaka sita katika ndoa na tunapendana. Kinachotusumbua ni sebule. Mimi napenda chumba kitulivu: kuta nyeupe, sofa moja, meza isiyowekwa kitu juu yake. Yeye anapenda chumba kilichojaa: santuri zake, vinyago, picha za ukoo zinazofunika ukuta mzima, na kiti kikubwa cha mbao alichoachiwa na marehemu baba yake, ambacho sehemu za kuegemeza mikono vanishi imekwisha na mbao imebaki wazi. Mwezi uliopita alisafiri kikazi. Nilikitoa kiti hicho nikakiweka stoo, nikapunguza picha, kisha nikamwita fundi apake ukuta mmoja rangi nyeupe. Aliporudi alitazama tu, hakusema neno. Tangu siku hiyo hakai tena sebuleni. Akitoka kazini anapitiliza chumbani. Tuna akiba tuliyoiweka ili tuipange sebule upya, lakini kila nikigusia jambo hilo hunijibu, “Fanya upendavyo.” Nimefikiria tuigawe sebule nusu kwa nusu, au tuchague vitu vya katikati ambavyo havitamuudhi yeyote. Nifanye nini? Na je, tumtafute mbunifu wa mambo ya ndani atuamulie?
Mpenda Utulivu

Marahaba, mwanangu.

Umeniandikia kuhusu sebule nami nitakujibu kuhusu sebule, lakini itabidi tuanzie stoo, kwa sababu kiti kile kikiendelea kukaa huko hakuna rangi wala sofa itakayomrudisha mumeo kwenye chumba hicho. Pale vanishi ilipokwisha wewe unaona kiti kilichochakaa, ilhali yeye anaona mahali ambapo mikono ya baba yake ilikuwa ikitulia kila jioni kwa miaka mingi. Alirudi safarini akakuta alama hiyo imefichwa gizani bila yeye kuulizwa. Akikuambia “fanya upendavyo”, usidhani amekupa ruhusa. Ni maneno ya mtu aliyehitimisha kwamba rai yake haihesabiwi tena katika nyumba anayoishi, na jambo hilo ni zito kuliko ukuta wowote.

Kwa hiyo kabla ya kupima chumba, kabla ya kuita fundi, kitoe kiti stoo kwa mikono yako, ukifute vumbi, ukirudishe mahali kilipokuwa. Kisha umwambie mumeo kwa maneno machache kwamba ulikiondoa bila kumwuliza na kwamba ulikosea. Usiiambatanishe samahani hiyo na hoja yoyote kuhusu msongamano wa vitu vyake, hata kama hoja hiyo ni ya kweli. Siku ya hoja itakuja. Samahani yenye “lakini” ndani yake haitamfikia, nami nisingependa uipoteze nafasi hiyo.

Nisieleweke kwamba nakulaumu wewe peke yako. Mtu anayejaza kila rafu na kila ukuta bila kujali kwamba mwenzake hapati mahali pa kupumzisha macho, naye anaamua peke yake, ila anafanya hivyo polepole, kitu kimoja baada ya kingine, kiasi kwamba hakuna siku unayoweza kuinyoshea kidole. Haja yako ya utulivu ni ya kweli. Wapo watu ambao vitu vingi vikiwa mbele ya macho yao huchoka, wakawa kama wanaosikiliza watu kumi wakizungumza kwa wakati mmoja, na wapo wengine ambao chumba kitupu huwapa upweke. Nadhani ndoa yenu ina mmoja wa kila aina. Wewe unataka sebule ikupumzishe. Yeye anataka imkumbushe alikotoka na watu wake. Ukilitazama suala hivyo, utaona kwamba mahitaji hayo mawili hayagombani. Kinachogombana ni namna ambavyo kila mmoja wenu amezoea kuyatimiza.

Hayo mawazo mawili uliyonayo, nakusihi uyaache yote. Sebule iliyogawanywa nusu kwa nusu huwa na mpaka katikati, na kila anayeingia huuona. Isitoshe, kila mmoja wenu akikaa kwenye nusu yake atakuwa ameielekea nusu ya mwenzake, yaani atakuwa anatazama jioni nzima kile kile asichokipenda. Vitu vya katikati navyo, vile vilivyochaguliwa kwa sababu tu havimuudhi mtu, huzaa chumba ambacho hakuna anayekipenda. Mtatumia akiba yenu kununua sofa ambayo wewe unaivumilia na yeye anaivumilia, na baada ya mwaka mtakuwa mmechoka nayo nyote wawili.

Badala yake, mgawane kazi za chumba. Chumba chochote kina mambo makubwa yanayokibeba, nayo ni kuta, sakafu, pazia, zulia na samani kubwa; na kina mambo madogo yanayokipa uhai, kama picha, vitabu, mito na vitu vya kumbukumbu. Yale makubwa yafuate utulivu wako: rangi chache, mistari iliyonyooka, vitambaa visivyo na maua mengi. Yale madogo yafuate moyo wake, mradi yawe na makao yanayojulikana. Vitu vingi vikipangwa juu ya mandhari tulivu havionekani kama vurugu, na chumba tulivu chenye vitu vya mtu ndani yake hakionekani kama chumba cha hoteli.

Jambo hili limewahi kufanywa kwa ustadi mkubwa. Charles na Ray Eames, mume na mke waliokuwa wabunifu mashuhuri wa samani nchini Marekani, walijijengea nyumba huko California iliyokamilika mwaka 1949. Kiunzi chake ni cha chuma na vioo, vipande vyenyewe vilikuwa vya kawaida vya kiwandani, na umbo lake ni masanduku mawili yaliyonyooka yasiyo na urembo wowote. Lakini ndani waliijaza mito, mazulia, mimea, magamba ya baharini, vitu vya kuchezea na kazi za mikono walizozikusanya kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Ukali wa kiunzi ndio ulioupa wingi ule mahali pa kutua. Mkipata nafasi, tazameni picha za sebule ile mkiwa pamoja. Nadhani kila mmoja wenu ataona kitu chake ndani yake.

Sasa nikupe siri ambayo naiona muhimu kuliko rangi zote: mtu haoni ukuta ulio nyuma yake. Kabla ya kununua chochote, kaeni sebuleni mahali ambapo kila mmoja hupenda kukaa, kisha kila mmoja aseme anatazama nini. Ikiwa sofa unayokalia wewe imeuelekea ukuta wa picha zake, basi hapo ndipo uchovu wako unapotoka, na huenda tiba yake ni kuigeuza sofa tu. Ukuta wa picha za ukoo uwe nyuma ya sofa yako na mbele ya kiti chake. Yeye akikaa jioni atawaona wazee wake wote, nawe ukikaa utakuwa na ukuta mweupe, au dirisha, au kona yenye mmea mmoja. Wageni watauona ukuta ule wanapoingia, na ni vyema wauone. Mnaposogeza samani, acheni njia ya kupita yenye upana wa sentimita 75 hadi 90, na kati ya sofa na meza ya katikati acheni takriban sentimita 40 hadi 45, mkono ufike mezani bila mtu kuinuka na magoti yapate nafasi.

Picha zenyewe zirudishwe, pamoja na zile ulizozipunguza. Kinachochosha macho katika ukuta wa picha mara nyingi ni fremu za kila aina na mianya isiyolingana kati yake, wala si idadi ya watu waliomo. Zitieni zote fremu za rangi moja, nyembamba, za mbao au nyeusi, kisha mzitandaze kwanza sakafuni na kuzipanga huko hadi mridhike wote wawili, mkiacha nafasi ile ile kati ya fremu na fremu. Mkizitundika, kitovu cha kundi zima kiwe kwenye usawa wa macho ya mtu aliyesimama, yaani kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Wengi hutundika picha juu mno, zikawa kama zinaikimbia sofa iliyo chini yake.

Kiti kinastahili mahali pa heshima, na ushauri wangu ni kwamba kiwe kitu kimoja tu cha mbao nyeusi na cha zamani katika upande wake wa chumba. Kikizungukwa na vitu vingine vizito kitapotea. Kikisimama peke yake karibu na ukuta mweupe, na taa ya kusimama kando yake, kitaonekana kwamba kimechaguliwa. Hapo weupe wako na mbao za baba mkwe vitafaidiana, kwa sababu nakshi huonekana vizuri zaidi mahali ambapo hakuna nakshi nyingine. Ikiwa kina mto wa kukalia, mnaweza kumpa fundi wa makochi aubadilishe kitambaa, mkachagua rangi inayofanana na ya mapazia au ya zulia ili kiti na chumba vifungamane. Lakini mbao usiziguse. Usipige msasa, usipake vanishi mpya, na pale palipochakaa pabaki palivyo mpaka mwenyewe aseme vinginevyo. Akisema hapana, mjadala umeishia hapo.

Santuri zinahitaji kabati kubwa lenye milango kwa chini na rafu wazi kwa juu, na hapa nina sababu za kiufundi zitakazokusaidia kuzungumza naye bila kugusa vidonda. Santuri za inchi 12 zinahitaji rafu yenye kina kisichopungua sentimita 32 hivi, zinapaswa kusimama wima badala ya kulazwa moja juu ya nyingine, na zikipigwa na jua au joto kali hupinda zikaharibika. Tena ni nzito; santuri 100 pamoja na majalada yake hupita kilo 20, hivyo rafu ya ubao mwembamba itapinda katikati. Seremala akitengeneza kabati imara la kuzitunza, mumeo atajua kwamba unazilinda, nawe utakuwa umepata milango ya kufunga. Juu ya kabati hilo aweke vinyago anavyovipenda zaidi, vingine vikae ndani, na kila baada ya miezi kadhaa avibadilishe akipenda.

Kuhusu rangi sitakuweka sana. Wabunifu wengi hutumia uwiano wa 60, 30 na 10: sehemu kubwa ya chumba iwe rangi moja tulivu, theluthi hivi rangi ya pili, na kiasi kidogo kilichobaki rangi kali ya kuchangamsha. Rangi ya kwanza chagua wewe, ile ya mwisho achague yeye, na ya pili ichaguliwe na wote wawili kutokana na kitu mnachokipenda pamoja, hata kama ni kitambaa kimoja tu. Weupe wenyewe ni wa namna nyingi, na mweupe wenye ubluu huifanya mbao iliyokolea ionekane imekufa, kwa hiyo tafuta mweupe wenye joto kidogo, yaani unaoelekea rangi ya maziwa mtindi au krimu. Pakeni kwenye kipande cha ubao mara mbili, mkiegemeze ukutani, mkitazame asubuhi, mchana na usiku taa zikiwaka. Balbu nazo zisiwe za mwanga mkali wa kibuluu. Chagueni zilizoandikwa kati ya Kelvin (K) 2700 na 3000, kipimo cha rangi ya mwanga, na badala ya taa moja ya darini wekeni taa mbili au tatu za chini. Mwanga wa kona kona utakupa utulivu hata katika chumba chenye vitu vingi, kwa sababu kisichomulikwa hupumzika.

Mazungumzo yenyewe yafanyike siku ambayo hakuna aliyechoka. Kila mmoja ataje vitu vitatu ambavyo hataki viondoke, bila kutakiwa kuvitetea, na kimoja ambacho kweli hawezi kuishi nacho. Mwache aanze yeye. Anaweza kukujibu tena “fanya upendavyo”. Ukilisikia neno hilo, mwambie kwamba hutafanya lolote peke yako, na kweli usifanye. Acha chumba kikae kilivyo hata kama ni kwa wiki kadhaa. Ukimya wake ulitokana na uamuzi uliofanywa bila yeye, na atauacha akiona kwamba uamuzi unamsubiri.

Uliuliza kuhusu mbunifu wa mambo ya ndani. Mnaweza kumwita, na akiwa mzuri atawaokolea fedha, hasa katika vipimo, taa na mpangilio wa samani, mambo ambayo kosa lake hugundulika sofa ikiwa imeshaingia ndani. Lakini asiitwe kuwaamulia. Mtu wa nje akitoa hukumu, aliyeshindwa ataishi na hukumu hiyo kila siku, na wewe hutaki mumeo awe huyo, wala mimi sitaki uwe wewe. Mwiteni mkishakubaliana vitu vipi vinabaki na nani anakaa wapi, na atakapofika kuja kupima chumba, muwepo nyumbani nyote wawili.