Nimeapa mara mbili nikarudia gongo: nitajuaje niko tayari kutibiwa?

SWALI: Asalaam alaykum sheikh. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Nanywa gongo kila siku, mwaka wa 9 huu. Nisipozimua asubuhi mikono inatetemeka, hata wavu sishiki. Nimeapa kwa jina la Mwenyezi Mungu mara mbili, nikarudia. Mke wangu anataka nifungiwe chumbani siku tatu kabla ya Ramadhani. Mimi nafikiria hospitali, ila hamu bado ninayo. Nitajuaje niko tayari, nisije nikamdanganya Mungu tena?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, ndugu yangu. Aliyeapa kwa nia ya kweli kisha akashindwa hakumdanganya Mwenyezi Mungu. Amevunja kiapo, na kafara yake imetajwa katika Suratul Maida, aya ya 89: kulisha maskini 10 au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku 3. Wewe una kafara mbili. Kwa madhehebu ya Shafi ni kibaba kimoja cha nafaka kwa kila maskini. Kama utalipa kwa kufunga, subiri upone kwanza.

Usingoje hamu iishe. Hamu huweza kubaki miezi mingi baada ya pombe kutoka mwilini, na toba haina sharti la kutotamani: sharti zake ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudi. Sahaba Abdullah, aliyeitwa Himar, aliletwa kwa Mtume (s.a.w.) mara nyingi kwa ulevi. Mtu mmoja akamlaani. Mtume akakataza, akasema kwamba Himar anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Imepokewa na Bukhari.

Utayari nautazama kwenye matendo. Je, umeshamtajia mtu mmoja idadi ya kweli ya vipimo unavyokunywa kwa siku, bila kupunguza? Umekubali pesa ya mauzo ya dagaa ashike mke wako? Umeshataja siku, na nani atakusindikiza? Ukiwa na hayo, nenda, hata kama moyo unasitasita.

Sasa hilo la kufungiwa. Mke wako anakutakia kheri, lakini mlango huo usifungwe. Kutetemeka kwako asubuhi ni dalili kwamba mwili umeshazoea pombe. Ukikata ghafla, jasho, kutapika na kutetemeka huanza ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege huweza kuja ndani ya saa 48 za mwanzo, na kati ya siku ya 2 na ya 4 mtu huweza kuweweseka, kuona visivyokuwepo na kupandwa na homa. Watu hufa hivyo, na nyumbani hudhaniwa ni majini. Aya ya 195 ya Suratul Baqara imekataza kujitupa katika maangamizo.

Nenda Hospitali ya Mkoa, Maweni. Waambie unakunywa kiasi gani, mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi, na kama umewahi kuanguka degedege. Kwa kawaida hutolewa diazepamu, dawa ya kutuliza, inayopunguzwa siku hadi siku, na vitamini B1, ambayo hutangulia dripu ya sukari ili ubongo usidhurike. Diazepamu usijinunulie dukani. Ikikutana na gongo huweza kuzima pumzi.

Na kabla ya kufika huko, usikate kwa mara moja. Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, aliulizwa kuhusu mlaji wa afyuni (kasumba) atakayekufa akiacha ghafla. Alijibu kwamba ni dharura, lakini ni wajibu apunguze kidogo kidogo mpaka aiache kabisa. Hiyo si ruhusa ya kuendelea.

Siku nakuchagulia: nisfu Shaaban, yaani katikati ya mwezi unaotangulia Ramadhani. Mwezi unakuwa mpevu, taa hazivuti dagaa, boti zinapumzika, hutakosa riziki. Zinabaki wiki mbili hivi kabla ya Ramadhani, na daktari akisema mwili haujaweza kufunga, utalipa siku nyingine, kama ilivyo katika aya ya 185 ya Baqara. Mke wako aende nawe, na ndiye awe msemaji mkono ukitetemeka na ulimi ukawa mzito.