Barthel 85 lakini nyumbani hajiwezi, tumekosea wapi?

Swali: Daktari shikamoo. Mi ni mfiziotherapia mwaka wa kwanza kazini. Tulikuwa na mzee wa kiharusi, upande wa kulia umelegea, tukampa 85 kati ya 100 kwenye Barthel, ile skeli ya kupima mtu anavyojihudumia mwenyewe (tulikata 5 kwenye kuoga, 5 kuvaa, 5 ngazi) akaruhusiwa. Baada ya wiki mbili mkewe anakuja kliniki analia, anasema anamshika kumtoa kitandani, anamuinua chooni, anamshika mkono akitembea. Je hii skeli haifai, tuhamie FIM, ile skeli nyingine ya kupima kujitegemea?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na asante kwa kuuliza maana wengi wanaandika namba kwenye faili na kusonga mbele.

Skeli haina shida, shida iko kwenye namna mlivyouliza. Nakisia mlikaa pembeni ya kitanda mkamuuliza mzee unaweza kwenda chooni mwenyewe, na mzee wa kiume mbele ya vijana atajibu naweza, tena kwa sauti. Barthel haiulizi anachoweza, inaandika anachokifanya kweli siku moja au mbili zilizopita, na mtu akisimama tu pembeni ili asianguke basi hapo hajitegemei. Sasa chukua maneno ya mkewe: choo kinashuka kutoka 10 mpaka 5, kutoka kitandani kwenda kwenye kiti 15 inakuwa 10, kutembea 15 inakuwa 10. Tayari uko 70, na ngazi sijazigusa. Hizo ngazi mlimpandisha kweli au mliotea? Kama hamkumpandisha, hiyo 5 mliyombakishia kati ya 10 za ngazi mmeitoa wapi?

Alafu kuna jambo la choo. Skeli hii waliitoa Florence Mahoney, daktari, na Dorothea Barthel, mfiziotherapia, kule Maryland Marekani mwaka 1965, na choo walichokuwa nacho kichwani ni cha kukaa. Wodini kwenu labda kipo cha kukaa na chuma cha kushikilia ukutani, nyumbani kwa mzee ni cha kuchuchumaa, sakafu ina maji, na ndoo ya kuogea lazima mtu aibebe. Goti la upande uliolegea halimuinui kutoka chini. Mi mwenyewe miaka ya mwanzo nilimruhusu mama mmoja ana 90, akarudi amevunjika nyonga, alianguka chooni kwake, na sikuwahi kumuuliza choo chake kikoje. Mpaka leo hilo swali nauliza kabla sijashika kalamu.

Hata 100 yenyewe, wenyewe waliotunga walisema haina maana mtu anaweza kuishi peke yake, kupika au kutunza nyumba haimo kabisa humo. Kumbukumbu na kuongea pia hazimo, kwa hiyo mzee anayesahau sufuria motoni anaweza kupata 100 safi.

FIM inasaidia hapo kidogo, ina vipengele 18, 13 vya mwili na 5 vya akili na mawasiliano, kila kimoja 1 mpaka 7, jumla inaanzia 18 mpaka 126. Inaweza kuona mabadiliko madogo ambayo Barthel inayaruka, na anayetembea na fimbo anapata 6 sio 7, wakati Barthel haimkati kitu. Ila ina mafunzo yake na leseni, na mkiijaza kwa kumuuliza mzee kitandani mtapata uongo uleule, wenye vipengele vingi zaidi. Kwa wodi yenye watu wengi mi ningebaki na Barthel nikaijaza vizuri.

Na tafadhali msiandike jumla peke yake, andikeni vipengele vyote kumi. Wagonjwa wawili wana 65, mmoja anajikojolea, mwingine mkojo uko sawa ila hasimami, yaani dawa, mazoezi na vifaa vyao havifanani hata kidogo, na anayesoma 65 tupu hawezi kujua yupi ni yupi.

Huyo mzee muiteni arudi na mkewe. Mama muulizeni peke yake, nje, kwa upole, maana mbele ya mumewe hatasema yote. Mzee mumuangalie kwa macho akitoka kitandani, akichuchumaa na kuinuka, akivaa shati. Kama kuchuchumaa kumemshinda, kiti cha mbao kilichotobolewa katikati fundi seremala wa mtaani anakitengeneza, na mama afundishwe kumshikia kiunoni badala ya kumvuta ule mkono uliolegea, bega litateguka.